Simu Isiuzwe Uchi

Mtu auachaye mji wa Salama kwenye njia kuu ya Mombasa, akavipanda vilima vya Kilungu hata akafika soko la Nunguni katika kaunti ya Makueni, atawaona njiani wakulima wakishuka na kupanda matuta yao, jembe begani na simu mfukoni. Na lau atawauliza ni kipi kati ya vitu hivyo viwili wawezacho kukikosa kwa muda wa siku tatu, yamkini wengi watasita kabla ya kumjibu. Kusita huko kuna sababu. Tangu M-Pesa ilipoanza, mwezi wa Machi 2007, fedha za nyumba zimeondoka chini ya godoro zikaingia katika simu; tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipoanza kazi, Oktoba 2024, mtu hujiandikisha kwa simu ili apate matibabu hospitalini; ujumbe wa mbolea ya ruzuku huja kwa simu, karo hulipwa kwa simu, na mwana aliyekwenda kutafuta riziki Nairobi au Mombasa husalimiana na mamaye kwa simu. Chombo hicho kwa jina ni cha mtu mmoja, lakini kwa matumizi ni cha ukoo mzima, na aghalabu ndicho kitu cha thamani kubwa kuliko vyote ambacho mtu hutembea nacho mwilini mwake.

Kwa hiyo kioo cha simu kinapopasuka, msiba huo haumwangukii mwenye simu peke yake. Walakini sisi tumezoea kumkabili kwa neno jepesi, kwamba amezembea, kwamba hana uangalifu, kwamba vitu vizuri havimfai. Na yeye mwenyewe, kwa kuwa ameambiwa hivyo na kila mtu, hukubali lawama na kuinama. Rai yangu ni kwamba lawama hiyo, ingawa mara moja moja huwa na haki, kwa jumla imewekwa mahali pasipo pake. Simu hizi zilibuniwa kwa ajili ya watu waishio juu ya sakafu na lami, wenye mifuko safi na meza za kuwekea vitu vyao. Kisha zikaletwa kwa watu ambao kutwa yao hupita juu ya mawe, mchanga, umande na pikipiki, zikauzwa kwao uchi, bila ya kava wala kioo cha kinga, kana kwamba vitu hivyo ni mapambo ya wenye nafasi. Dhima ya kwanza ya kuihifadhi simu ni ya yule aiuzaye, na ya pili ndiyo yetu sisi wenye kuitumia. Nami nitazitaja zote mbili, kwa sababu mtu asiyejua ni kitu gani kimvunjiacho simu yake hawezi kujua wa kumdai haki.

Tuanze na kioo, maana ndicho kitanguliacho kuumia. Kioo cha simu si kama kile cha dirisha. Viwanda vya kazi hiyo, kama Corning ya Marekani iliyotengeneza Gorilla Glass, hukizamisha kioo katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 400. Humo chembe za sodiamu, ambazo ni ndogo, hutoka usoni mwa kioo, na chembe za potasiamu, ambazo ni kubwa kuliko zile, huingia mahali pake zikasongamana, na msongamano huo huubana uso wa kioo kila upande. Sasa kioo, kwa tabia yake, hupasuka kwa kuvutwa wala si kwa kubanwa, na ndiyo sababu uso uliobanwa namna hiyo huweza kustahimili pigo ambalo kioo cha kawaida kingelivunjikavunjika kwalo. Lakini tabaka hiyo ya ubano ni nyembamba mno, unene wake ukikaribia unywele wa binadamu. Mkwaruzo wowote upenyao humo huacha njia, na siku simu itakapoanguka, hata kama ni kutoka kitini tu, ufa utaifuata njia ile ile iliyokwisha kufunguliwa zamani. Ndiyo maana watu hustaajabu kwamba simu ilianguka mara nyingi ikasalimika, kisha siku moja ikaanguka kidogo ikapasuka. Nao hudhani ni bahati mbaya, ilhali kilichoivunja kilianza kazi yake miezi mingi kabla ya siku hiyo.

Kitu gani basi hukikwaruza kioo hicho? Wengi husema ni funguo na sarafu, na kina mama huwakataza watoto wasizichanganye na simu. Tahadhari hiyo si mbaya, lakini mkosaji mkubwa hayumo ndani yake. Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini aliyezaliwa Ujerumani, alipanga mwaka 1812 mizani ya ugumu wa mawe, kuanzia 1 mpaka 10, na juu yake kabisa akaiweka almasi. Chuma cha kisu cha kawaida hukaa karibu na 5 na nusu. Kioo cha simu hukaa karibu na 6. Lakini kwatzi, lile jiwe jeupe ling'aalo ambalo ndilo sehemu kubwa ya mchanga wetu, hukaa kwenye 7. Maana yake ni kwamba ufunguo ni nadra kukiumiza kioo, ila chembe moja ya mchanga, isiyoonekana kwa macho ya mtu mzima asiye na miwani, hukikata.

Na sisi wa Makueni ni watu wa mchanga. Mawe ya kale ya vilima hivi, yakimomonyoka kwa mvua za karne nyingi, hushuka mabondeni na kuijaza mito ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa mikavu juu na yenye maji chini. Watu wa Ukambani wamejenga mabwawa ya mchanga ili maji hayo yasikimbie, na Bunge la Kaunti ya Makueni lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuuhifadhi mchanga na kuongoza uchimbaji wake, baada ya malori kuukomba kwa ajili ya majumba ya mijini. Mchanga huu una baraka nyingi, na hata kioo chenyewe cha simu asili yake ni mchanga. Walakini chembe zake zimo katika kila mfuko wa suruali ya shamba, katika pindo la kila leso, katika kila kiondo kilichobeba viazi. Mtu akitoa simu mfukoni na kuipangusa kwa upindo wa nguo aliyolimia, akidhani anaisafisha, anauburura mchanga juu ya kioo kwa mkono wake mwenyewe. Afadhali aipulize kwanza, kisha aipanguse taratibu kwa kitambaa laini ambacho hakina kazi nyingine.

Hapa ndipo ionekanapo faida ya kile kioo chembamba kibandikwacho juu, ambacho vijana wa sokoni hukiita protekta. Wako wanaokidharau kwa sababu hupasuka upesi, nao hawajui kwamba kupasuka kwake ndiko kazi yake: mikwaruzo ya mchanga hukipata chenyewe badala ya kioo cha simu, na kikipigwa hutumia juu yake mwenyewe sehemu ya nguvu ya pigo. Kubandika kingine ni gharama ya shilingi chache, na kubadilisha kioo cha simu huweza kukaribia nusu ya bei ya simu yenyewe. Karatasi ya plastiki laini, ambayo wengine huibandika badala yake, huzuia mikwaruzo midogo, lakini kwa kuanguka haina msaada mkubwa.

Sasa tuje kwenye kuanguka. Ardhi ya Nunguni haina mahali pengi palipo sawa. Mashamba yamekatwa matuta kwa namna ile iitwayo fanya juu, ambayo watu wa sehemu hizi waliishika kwa bidii tangu zama ambazo Makueni ilikuwa bado ni sehemu ya wilaya ya Machakos, na ambayo imeuokoa udongo wao mwekundu usichukuliwe na mvua. Mtu alimaye kwenye tuta huinama kutwa nzima, na simu iliyomo katika mfuko wa shati hutoka kwa kichwa, ikashuka kutoka tuta moja mpaka la pili, na kwa sababu ya mteremko haiishi kuanguka mara moja. Nguvu ya pigo huongezeka kadiri ya urefu, hata simu iangukayo kutoka sikioni mwa mtu aliyesimama hupigwa kwa nguvu karibu mara moja na nusu ya ile iangukayo kutoka kiunoni. Mbaya kuliko yote ni ile iangukayo kwa pembe, kwa sababu nguvu yote hukutana mahali padogo pasipotoshana na ukucha, na ukingoni ndipo kioo kilipo dhaifu.

Kava njema basi si ile yenye picha nzuri. Ni ile ya mpira usio mgumu, yenye pembe nene, na yenye ukingo ulioinuka kidogo kupita kioo, ili simu ikilala kifudifudi juu ya jiwe kioo kisiguse jiwe. Mpira hauiondoi nguvu ya pigo. Huichelewesha tu, ukaigawa katika muda mrefu zaidi, na kucheleweshwa huko, ingawa ni kwa sehemu ndogo ya sekunde, ndiko kunakotenganisha simu nzima na simu iliyovunjika. Kava za plastiki ngumu zing'aazo, ambazo hutundikwa mbele ya vibanda kwa sababu zinavutia macho, hulipitisha pigo karibu lote. Ningependa muuza kava amwulize mteja anafanya kazi gani kabla ya kumwuliza anapenda rangi gani.

Jambo moja halisemwi vya kutosha, nalo ni la wanawake. Nguo zao nyingi hazishonwi mifuko, au hushonwa mifuko isiyotosha chochote; kwa hiyo simu hukaa kifuani, ambako jasho huingia katika matundu yake, au hufungwa katika pindo la leso, au hutupwa katika kiondo pamoja na mboga zenye udongo. Wanawake wa Ukambani wamesifika kwa kusuka vyondo vya mkonge tangu zamani, na vyondo hivyo vimeuzwa mbali sana na hapa. Mikono iliyo hodari kiasi hicho ingeweza kusuka kijiondo kidogo cha simu, chenye bitana ya kitambaa laini ndani na kamba ya kuvaa shingoni au begani, kiwe cha kazi wala si cha watalii. Fundi cherehani naye, akiletewa kitambaa cha gauni, haimgharimu kitu kikubwa kushona mfuko mzito wenye kifungo.

Kuhusu maji sitasema mengi. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu huvilalia vilima vya Kilungu hata adhuhuri, na mvua za Novemba, ambazo kwa Ukambani ndizo tegemeo la mavuno, huja kwa kishindo. Simu za bei kubwa huandikwa alama ya IP ikifuatwa na tarakimu mbili, ya kwanza ikihusu vumbi na ya pili ikihusu maji, na 68 ni miongoni mwa daraja za juu. Simu nyingi zinunuliwazo na mkulima hazina daraja hiyo. Simu ikilowa, kinachoiua hasa si maji peke yake, bali ni umeme kupita ndani yake ilhali maji yamo, na kutu ya chumvi inayofuata baadaye. Kwa hiyo aliyelowesha simu aizime papo hapo, asijaribu kuichaji, atoe laini, aipanguse, kisha aiache mahali penye hewa kwa siku nzima au zaidi. Asiiweke kando ya jiko, kwa kuwa joto hulegeza gundi na kuidhuru betri. Wala asiifukie katika mchele: kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake mwaka 2024 wasifanye hivyo, kwa sababu chembe ndogo za mchele huweza kuidhuru simu.

Waendesha bodaboda wana mashaka yao ya peke yao. Simu iliyofungwa kwenye usukani hupata jua, vumbi na mtetemo kwa wakati mmoja, na kampuni hiyo hiyo ya Apple ilitangaza mwaka 2021 kwamba mtetemo mkubwa wa injini za pikipiki, ukidumu, huweza kuiharibu kamera yenye vidude vya kutuliza picha. Jua nalo huidhuru betri. Betri ya lithiamu ikipata joto jingi mara kwa mara huzeeka kabla ya wakati wake, na nyingine huvimba zikakisukuma kioo kutoka ndani hata kikabanduka, mwenye simu asijue kwamba adui alikuwamo ndani ya nyumba. Betri iliyovimba isitobolewe wala kubonyezwa, kwa maana huweza kuwaka moto. Ipelekwe kwa fundi. Na simu ya mwendeshaji ikae katika mfuko wa ndani wa koti, itolewe inapohitajiwa, pikipiki ikiwa imesimama.

Hayo ndiyo yaliyo juu yetu. Yaliyo juu ya wauzaji ni makubwa zaidi.

Mwaka 2020 Safaricom, pamoja na Google, walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao ulimwezesha mtu kuchukua simu akailipa kidogo kidogo kuanzia shilingi 20 kwa siku, na kampuni nyingine zina mipango ya namna hiyo. Sitaki kuubeza uuzaji huo, kwa sababu umewapatia simu watu ambao wasingeweza kuzipata kwa fedha taslimu. Lakini tazama masharti yake: mteja akikoma kulipa, simu hujifunga asiweze kuitumia, na kioo kikipasuka, kwa kawaida deni halipasuki pamoja nacho. Mama mwenye kibanda cha nyanya huendelea kutoa shilingi zake kila siku kwa ajili ya kitu asichoweza kukisoma wala kukigusa, na akitaka kitengenezwe sharti atafute fedha nyingine juu ya zile. Muuzaji aliyepanga deni kwa hesabu ya miezi na miezi alijua kwamba simu hiyo itaanguka. Basi angalitia kava na kioo cha kinga katika bei tangu siku ya kwanza. Ikigawanywa kwa siku za mkopo, gharama yake ni ndogo, na kinga hiyo humlinda mkopeshaji kama imlindavyo mkopaji, kwa kuwa mtu mwenye simu nzima ndiye alipaye deni.

Tarehe 30 Oktoba 2023 kilifunguliwa Athi River, katika kaunti ya Machakos iliyo jirani yetu, kiwanda cha kuunganisha simu, na simu zake za kwanza zikatangazwa kwa bei ya shilingi 7,499 na 8,999. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la fahari. Tena lilikuwa fursa: kiwanda kilichopo mwendo wa saa chache tu kutoka Nunguni hakina haja ya kuotea maisha ya mnunuzi, kwa maana mnunuzi anaonekana. Kijazie basi boksi lake kava yenye pembe nene, kiuze vioo na betri zake kwa mafundi wa vijijini kwa bei inayojulikana, na kijaribu simu zake juu ya mawe ya Kilungu kabla ya kuzipeleka sokoni.

Isisemwe kwamba mambo hayo hayawezekani. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya, zile za kawaida zisizokunjwa, zinatakiwa na kanuni kustahimili kuangushwa mara 45 bila ya kava na zikaendelea kufanya kazi. Betri zao zinatakiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mara 800. Na vipuri vyake vipatikane kwa miaka 7 baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa. Watu wanaotembea juu ya lami na mazulia wamewekewa sheria ya kuwalinda na simu ivunjikayo upesi, na sisi tunaotembea juu ya mawe hatujawekewa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo huidhinisha aina za simu kabla hazijauzwa nchini, ina mlango ulio wazi wa kuipa haki hiyo nguvu: aina isiyoweza kuanguka kutoka kiunoni mwa mtu ikabaki nzima isipewe idhini, au ipewe kwa sharti la kuuzwa pamoja na kinga yake.

Na simu zilizokwisha kuvunjika ziko mikononi mwa mafundi, nao ni watu ninaowastahi. Fundi wa simu katika soko la Nunguni hukaa katika kibanda kisichozidi urefu wa mikono miwili, na bisibisi zake ndogo, kifaa chake cha kupuliza hewa ya moto na miwani yake ya kukuzia, akasubiri vipuri vije kwa matatu kutoka Luthuli Avenue huko Nairobi, asijue kama kioo atakacholetewa ni cha asili au ni cha kuigiza kitakachofifia baada ya mwezi. Kazi yake aliijifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine, akitazama na kutumwa, na kwa hiyo hana karatasi ya kumwonyesha mteja mpya. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, huwapima mafundi kwa majaribio ya daraja na kuwapa vyeti bila ya kujali kama walikaa darasani. Kaunti ya Makueni nayo ina vyuo vyake vya ufundi. Kaunti na iwalipie mafundi hawa ada ya majaribio hayo, na vyuo viwafungulie milango siku zisizo za soko ili wajifunze jinsi ya kutambua kipuri bandia na jinsi ya kuitoa betri iliyovimba bila ya kuhatarisha vidole vyao, maana simu anayoletewa fundi ina ndani yake fedha na siri za nyumba nzima, na aliyeileta ana haki ya kujua anaiacha mikononi mwa nani.